Realitas, Hakika, Uhalisi: Historia ya Neno Moja na Njia Nne za Kulitafsiri

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kongo anayesoma falsafa, sheria au elimu ya jamii hukutana na neno la Kifaransa «réalité» kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Akiombwa alieleze kwa Kiswahili, atasema «ukweli». Mwenzake atasema «hakika». Wa tatu, aliyezoea vitabu vilivyochapwa Dar es Salaam, atasema «uhalisi» au «hali halisi». Wote watatu wamejibu vema, ila hawakusema jambo moja.

Makala haya yanafuatilia asili ya neno hilo katika Kilatini na safari yake hadi Kifaransa cha leo, kisha yanapima maneno ya Kiswahili yanayowekwa mahali pake. Shabaha yake si udadisi wa etimolojia peke yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiciluba, huku Kifaransa kikiwa ndiyo lugha rasmi. Kwa hiyo kila siku, katika mahakama, madarasa na redio, kuna mtu anayevusha maneno kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Neno lisilofahamika asili yake huvushwa likiwa nusu, na nusu iliyobaki nyuma huwa mara nyingi ndiyo iliyohitajiwa.

1. «Res»: kitu, mali na shauri

Shina la «réalité» ni neno la Kilatini «res». Kamusi hulitafsiri kwa «kitu», lakini Mroma aliposema «res» alifikiri pia mali, jambo na shauri lililofikishwa mbele ya mwamuzi. Maana ya mali ni ya kale sana: ndugu wa neno hilo katika Kisanskriti, «rayi», humaanisha utajiri. Katika «res publica», lililozaa jina la serikali zisizo na mfalme, «res» ni jambo au mali ya watu wote.

Kiswahili hakina neno moja lenye upana huo. Hugawa kazi kati ya «kitu», «mali», «jambo» na «neno». Hili la mwisho lisipuuzwe: anayesema «si neno» hazungumzii sauti ya kinywa, bali anasema kwamba hakuna shida, hakuna shauri la kujadili. Mswahili naye, kama Mroma, ameona kwamba mambo mengi ya ulimwengu huanza kuhesabiwa siku yanapokuwa na watu wa kuyajadili.

Kifaransa kilipozaliwa kutokana na Kilatini, «res» lilipotea kama neno la kila siku. Mahali pake pakachukuliwa na «chose», lililotokana na «causa», yaani shauri au kesi. Hata hivyo «res» halikufa kabisa. Umbo lake «rem» lilidumu likawa «rien». Katika Kifaransa cha kale «rien» lilimaanisha kitu fulani. Kwa kuwa lilizoea kufuatana na kikanushi «ne», hatimaye likabeba ukanushi wenyewe, likawa «si kitu». Hivyo shina moja limewapa Wafaransa «réalité» na «rien», yaani kuwapo na kutokuwapo. Mwanafunzi anayedhani kwamba maana ya neno imefungiwa ndani ya shina lake na atafakari mfano huo.

2. Toledo: Mwarabu na Mlatini wanapokutana

Kutoka «res» hadi «realitas» njia haikupita Roma peke yake. Ilipita pia katika Kiarabu, na hapo ndipo msomi wa Kiswahili anapoanza kutambua sauti za nyumbani.

Ibn Sina (980-1037), mganga na mwanafalsafa aliyeandika sehemu kubwa ya kazi zake kwa Kiarabu, alifundisha kwamba kila kitu kina «haqiqa» yake, ambayo kwayo kitu hicho ni kile kilicho. Pembetatu ina «haqiqa» inayoifanya iwe pembetatu, na weupe una ya kwake. Mtu anaweza kuielewa bila kujua kama pembetatu fulani imechorwa mahali popote. Kwa njia hiyo Ibn Sina alitenga maswali mawili ambayo wengi huyachanganya hadi leo: kitu hiki ni nini, na je, kitu hiki kipo?

Katika nusu ya pili ya karne ya 12, mjini Toledo katika Hispania, vitabu vya Ibn Sina viligeuzwa kuwa Kilatini. Neno «shay'», yaani kitu, wafasiri wakalitia katika «res». Walipofika kwenye «haqiqa» walichagua «certitudo», ambalo maana yake ya kawaida ni yakini, hali ya kutokuwa na shaka. Uchaguzi huo unaweza kuonekana wa ajabu kwa msomaji wa Kifaransa, lakini kwa Mswahili si ajabu hata kidogo. «Haqiqa» hiyohiyo ilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki ikawa «hakika», nalo humaanisha vyote viwili: jambo lilivyo, na yakini ya mtu anayelijua. «Nina hakika» ni habari ya moyo wa msemaji. «Hakika ya mambo» ni habari ya mambo yenyewe. Mfasiri wa Toledo na Mswahili wa pwani, bila kujuana, walikuta katika neno moja maana zilezile mbili.

3. Kutoka Duns Scotus hadi Kant

Vitabu hivyo vilipoingia katika vyuo vikuu vya Ulaya, «res» likawa uwanja wa mabishano. Henri wa Gent, aliyefariki mwaka 1293, aliona kwamba neno hilo linaficha mambo mawili. Kuna «res» inayotokana na «reor», ninadhani: kitu chochote kinachoweza kuwazwa, hata mnyama wa kubuni aliye nusu mbuzi nusu kulungu. Na kuna «res» inayotokana na «ratitudo», yaani uthabiti: kitu chenye msingi wake. Kwa etimolojia ya leo maelezo hayo hayasimami yote. Kwa historia ya mawazo yana thamani kubwa, maana yalilazimisha swali: ni kipi kinachokitenga kitu thabiti na kitu cha mawazo tu?

Yohane Duns Scotus, mzaliwa wa Scotland aliyefundisha Oxford na Paris na kufariki Cologne mwaka 1308, ndiye aliyelipa neno «realitas» kazi maalumu. Kiambishi tamati «-tas» cha Kilatini hufanya kazi inayofanana na ile ya kiambishi «u-» cha Kiswahili: «bonus» huzaa «bonitas», kama «-zuri» inavyozaa «uzuri». Kutoka «realis», sifa ya kilicho cha kitu, likapatikana «realitas». Lakini kwa Scotus neno hili halikumaanisha ulimwengu mzima ulioko nje. Lilimaanisha jambo dogo kuliko kitu. Ndani ya mtu mmoja mna realitas inayomfanya awe binadamu, na mna realitas nyingine inayomfanya awe mtu huyu na si yule. Hizi mbili haziwezi kutenganishwa kama mtu anavyotenganisha maharagwe na mawe, lakini pia si majina matupu yaliyobuniwa na akili. Realitas ilikuwa fungu la kitu, la kweli ingawa halijitegemei.

Maana hiyo ya kwanza ilidumu kuliko inavyodhaniwa. Descartes, katika «Meditationes» zake za mwaka 1641, alizungumza juu ya «realitas objectiva» ya wazo. Msomaji wa leo atafikiri ni uhakika usiotegemea akili ya mtu, kumbe kwa Descartes ni kinyume: ni kiasi cha ukitu ambacho wazo linakionyesha akilini. Kilichoko katika kitu chenyewe yeye alikiita «realitas formalis». Neno «objectif» limegeuka uso kabisa tangu siku zile, na anayesoma maandishi ya kale kwa kamusi mpya hupotea bila kujua kwamba amepotea.

Kant naye, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1781, aliiweka «Realität» katika kundi la sifa, akaweka kuwapo katika kundi lingine. Mfano wake ni maarufu: thaler 100 zilizopo hazina kitu chochote zaidi ya thaler 100 zinazowezekana. Zinazowazwa zina idadi ileile na maana ileile. Tofauti haimo ndani ya dhana ya fedha, ingawa mfuko wa mwenye fedha huifahamu vizuri. Mfano huo wapaswa kumgusa msomaji wa Kiswahili kwa njia ya pekee, kwa maana thaler ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, iliyoendelea kufuliwa kwa miaka mingi ikiwa na tarehe ya 1780, ilitumika sana katika biashara ya pwani na Unguja. Waswahili waliiita «reale» au «riale». Hapa inafaa kuonya: reale ya fedha haina undugu na «realitas». Imetoka katika jina la sarafu ya Hispania, ambalo shina lake ni «regalis», cha mfalme. Sauti zimefanana, nasaba ni mbalimbali.

Ni baada ya mabadiliko hayo marefu ndipo «réalité» ilipopata maana inayotawala leo: jumla ya mambo yaliyopo, apende mtu asipende. Wajerumani walipata pia neno lingine, «Wirklichkeit», kutoka katika kitenzi «wirken», kutenda kazi: kwao kilichopo ni kile kinachofanya kazi. Mlatini aliita kuwapo kwa jina la kitu. Mjerumani akakuita kwa jina la tendo.

4. Maneno ya Kiswahili na maadui zake

Je, Mswahili alikuita kwa jina gani? Jambo la kwanza la kuona ni lile ambalo hakulifanya. Kutoka «mtu» alijenga «utu», neno lenye heshima kubwa katika maadili yake. Kutoka «kitu» angeweza kujenga «ukitu», ambalo lingekuwa pacha wa «realitas», lakini hakulipa nafasi katika usemi wake wa kawaida. Padre Placide Tempels, aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga na kutoa «La philosophie bantoue» mjini Elisabethville mwaka 1945, na Alexis Kagame wa Rwanda katika kitabu chake cha mwaka 1956, wote walitafuta fikra ya Kibantu juu ya kuwapo. Kagame aliitafuta katika shina «-ntu», lililo ndani ya «muntu» na «kintu», ambayo Kiswahili huyatamka «mtu» na «kitu». Wakosoaji wao wameuliza kwa haki kama sarufi ya lugha inatosha kuwa ushahidi wa falsafa ya watu. Pasipo kuingia katika ubishi huo, isimu inaweza kuuliza swali dogo zaidi: kila neno lina adui gani? Maana ya neno hujulikana upesi zaidi kwa kinyume chake.

«Kweli», neno la Kibantu, adui yake ni uongo. Methali husema: ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Kweli huanzia kwenye usemi na ahadi, kisha huenea hadi kwa rafiki wa kweli, ambaye naye ni mtu asiyesema uongo kwa matendo yake. Lugha za jirani zina maneno yanayofanya kazi ya namna hiyo: «ukuri» katika Kinyarwanda na Kirundi, «bulelela» katika Kiciluba, «solo» katika Lingala.

«Hakika» adui yake ni shaka. Shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa pia «haki» na «kuhakiki». Neno «mahakama» halimo katika ukoo huo, ingawa sauti zinavuta: hilo ni ndugu wa «hukumu» na «hakimu». Lakini udugu wa «haki» na «hakika» ni wa damu, nao unafundisha kwamba lililo thabiti na linalomstahili mtu hutoka katika chungu kimoja.

«Halisi» adui yake ni mchanganyiko na bandia. Limetoka katika «khalis» la Kiarabu, safi, kisichochanganywa. Dhahabu halisi haina shaba ndani yake. Maziwa halisi hayana maji. Kutoka hapo kukajengwa «uhalisi», na wahakiki wa fasihi wakaongeza «uhalisia» kwa ajili ya mkondo wa sanaa ambao Ufaransa iliuita «réalisme» katika miaka ya 1850. Ama usemi «hali halisi», ambao leo ndio wa kawaida kabisa, umeunganisha maneno mawili yasiyo na undugu: «hali» ni «hal» la Kiarabu, namna mtu au jambo lilivyo. Kufanana kwa silabi kumewafanya wengi wadhani kwamba «halisi» ni mtoto wa «hali». Si mtoto wake. Ni mgeni aliyekaribishwa chumba kimoja naye.

5. Hatari ya tafsiri: ardhi na lugha

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali na ardhi hutumia istilahi «droits réels». Hapa «réel» limehifadhi maana ya Kiroma: ni haki iliyo juu ya kitu, ambayo mwenye nayo anaweza kuidai mbele ya kila mtu, tofauti na haki anayomdai mtu mmoja kwa ajili ya deni au mapatano. Mfasiri akisema «haki za kweli», msikilizaji ataelewa kwamba haki nyingine ni za uongo. Atatoka akiamini kwamba haki yake ni ya kweli kwa kuwa kweli alilipa, kweli majirani walishuhudia, na kweli baba yake alilima hapo. Sheria haikanushi kweli hizo. Inauliza jambo lingine. Kwa mujibu wake udongo wote ni mali ya Serikali, na haki ya kutumia kiwanja kilichotolewa na Serikali huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Mtu anaweza kusema kweli tupu tangu mwanzo wa kesi hadi mwisho, akapoteza kiwanja, na asielewe kamwe alishindwa kwa neno gani. «Haki juu ya kitu» ni maneno marefu zaidi, lakini hayamdanganyi mtu.

Mfano wa pili ni wa lugha yenyewe. Tangu mwaka 1971, nchi ilipoitwa Zaire, siasa ya «authenticité» iliwataka raia warudi kwenye asili yao. Majina ya ubatizo yaliwekwa kando mwaka 1972, na jimbo la Katanga likaitwa Shaba hadi mwaka 1997. «Authenticité» nayo hutafsiriwa vizuri kwa «uhalisi». Basi neno lilelile likabebeshwa mizigo miwili: usafi wa asili, na mambo yalivyo. Mizigo hiyo haiendi pamoja. Jina la Shaba, lililochaguliwa ili kurudi kwenye asili, lilikuwa neno la Kiswahili, lugha iliyofika Katanga kwa biashara na kukua huko kwa kazi ya migodi.

Vivyo hivyo husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili cha Lubumbashi «si Kiswahili halisi». Usemi huo ukimaanisha kwamba kimechanganyika na lugha za Kibantu za bara na Kifaransa, ni sahihi, na hakuna mwanaisimu atakayeupinga. Lakini masikio ya wengi husikia zaidi ya hapo: husikia kwamba lugha hiyo haipo kwa ukamilifu, kwamba ni kivuli cha lugha iliyoko mahali pengine. Hilo si sahihi. Wafanyakazi waliitumia migodini, watoto hulilia ndani yake, wafiwa huomboleza nayo, na ina sarufi inayoweza kuchunguzwa, kama kiambishi chake «bu-» pale ambapo Kiswahili sanifu husema «u-». Si halisi kwa maana ya dhahabu isiyo na shaba. Ipo kwa hakika isiyo na shaka. Anayechanganya mambo hayo mawili hawezi kuichunguza lugha hiyo, kwa sababu ameshaifuta kabla ya kuisikiliza.

6. Hitimisho

Historia ya «realitas» inaonyesha neno lililoanza na mali na mashauri, likapita mikononi mwa Waarabu na wafasiri wa Toledo, likamaanisha fungu la kitu kwa Scotus, na likafika kwetu kwa Kifaransa likiwa jina la yote yaliyopo. Kiswahili hakikufuata njia hiyo, wala hakina deni la kuifuata. Kina njia zake: kweli dhidi ya uongo, hakika dhidi ya shaka, halisi dhidi ya bandia, na mambo yalivyo dhidi ya yale yanayodhaniwa.

Kwa hiyo inafaa mwalimu na mfasiri wasitafute neno moja la kuziba pengo lote. Panapohukumiwa usemi, «ukweli» unatosha. Panapotakiwa uthabiti na yakini, «hakika» ina ukoo mrefu kuliko «réalité» yenyewe. Kwa kisicho cha kughushi pana «uhalisi», na kwa mkondo wa sanaa «uhalisia» umekwisha kujijengea nyumba. Na pale Kifaransa kinapotaja tu jumla ya yaliyopo, mazuri na mabaya, safi na yaliyochanganyika, Kiswahili chepesi cha «mambo yalivyo» kinasema yote bila kuahidi usafi ambao ulimwengu hauna.